Karibu Tena, Bwana Yakub

Benchi letu liko Kimaka, mjini Jinja kando ya ziwa, mbele ya kibanda cha Asadu cha kutengeneza simu. Kila mmoja wetu ana lugha yake nyumbani, kwa hiyo hapa tunakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na kilema chake. Ketty, Mgisu wa Mbale, anachemsha kahawa ya kwao na tangawizi. Yekosofati alikuwa askari magereza mpaka akastaafu, tunamwita Afande Lokapu. Asadu tunamwita Gugo, kwa sababu hakuna swali asilo na jibu lake, hata kama jibu lenyewe ni la swali lingine. Mimi ni fundi nguo, cherehani yangu iko barazani hapo hapo. Jumanne ile, saa nne asubuhi, tulikuwa tunabishana juu ya bei ya sangara wa mwalo wa Masese tulipomwona Yakub anakuja na begi begani. Yakub na mke wake Ramula walikuwa wamekwenda pwani ya Kenya, kulala bure siku tatu kwenye hoteli ya matajiri. Hatukumtarajia kabla ya Alhamisi. Na alikuwa peke yake.

— Tajiri amerudi! akaita Gugo. Bahari umeiacha na nani?

Yakub hakucheka. Aliketi, Ketty akampa kikombe, na kahawa ikamwagika kabla haijafika mdomoni.

— Ramula yuko wapi? akauliza Ketty.

— Ameshuka Mbale. Yuko kwa dada yake. Hataki kuniona.

— Umempiga?

— Sijampiga, mama. Sijamgusa hata kidole.

— Basi sema, bwana, akasema Afande. Kwanza eleza hii hoteli ilikupa vitu ya bure kwa nini. Mimi toka zamani sikuelewa.

Yakub akaeleza, akitazama chini. Yeye ni dereva wa kampuni ya mbegu, ofisi zao ziko Mbale, upande wa viwandani. Bosi wake ni mtu mwema, hakubali dereva alale kwenye gari. Wakienda Kampala, wakienda Nairobi, wanalala hoteli za kampuni moja yenye matawi kila mji. Siku moja msichana wa mapokezi akamwambia, "Jiandikishe uwe mwanachama, kila ukilala unapata pointi." Akaandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Akasahau. Miaka miwili baadaye, simu ikaleta ujumbe: umekuwa mwanachama wa dhahabu, chagua hoteli yetu ya ufukweni, siku tatu, wewe na mkeo.

— Mimi mwenyewe nilishangaa, akasema Yakub. Nilijua nimelala sana, lakini si kulala kwa dhahabu.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Gugo. Wewe wamekupa tatu zote bila jembe. Hapo ungejua kuna kitu.

— Acha aongee, akasema Ketty.

— Tulifika jioni ya Jumapili, akaendelea Yakub. Mahali pazuri, siwadanganyi. Sakafu inang'aa mpaka unaogopa kuikanyaga. Wakatupa taulo baridi tupanguse uso, na maji ya madafu. Msichana wa mapokezi akatazama kompyuta, akatabasamu. Akasema, "Karibu tena, Bwana Yakub."

— Tena? nikauliza mimi.

— Tena. Nikasema, dada, mimi sijawahi kufika hapa. Akacheka, akadhani natania. Akasema, "Hii ni mara yako ya nne. Na binti yetu mdogo yuko wapi safari hii?"

Cherehani yangu ilikuwa inazunguka. Niliisimamisha.

— Ramula alikuwa amesimama hapo hapo, akasema Yakub. Akanitazama. Mimi nilijua anachofikiri. Dereva, safari nyingi, mwanamke mwingine, mtoto mwingine. Nikamwapia njiani mpaka chumbani. Tukafungua mlango. Pembeni ya kitanda kikubwa wameweka kitanda cha mtoto, na juu yake taulo wameikunja umbo la sungura. Mezani kuna kadi: "Tumekuwekea mto mgumu, kama unavyopenda." Mimi silalii mto mgumu.

— Afadhali ungekuwa wa mawe, akasema Gugo. Mficha uchi hazai.

— Hiyo methali inaingia wapi? akauliza Ketty.

— Itaingia tu, subiri.

Hakuna aliyecheka sana. Yakub alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

— Sasa sikiliza, akasema Gugo, akivuta kiti karibu. Hii ni biashara ya wezi wa majina. Wanachukua jina lako kwenye mtandao, wanalivaa, wanakopa, wanalala, wanakula. Siku ya kulipa, anatafutwa mwenye jina.

— Hiyo ni ndogo, akasema Afande. Mimi nimekaa magereza miaka ishirini na nane. Mutu akitumia jina yako kulala hoteli, ujue ametumia jina yako kwa kitu ingine mbaya zaidi. Pengine ameua. Polisi ya Kenya wako na jina, hawana sura. Wewe ukapeleka sura mwenyewe, na begi juu!

— Afande!

— Nilikuwa na mufungwa moja, miaka sita ndani, kwa makosa ya mutu wa jina yake. Miaka sita! Siku ya kutoka hakujua tena yeye ni nani. Ukimwita jina yake haitikii.

Ketty aliweka birika chini. Alisema polepole:

— Nyinyi mnasema wezi. Mwizi gani anaacha mto? Kwetu mlimani tunajua, kuna kitu kinachukua jina la mtu kwanza. Kinakwenda nalo mahali, kinakula nalo, kinalala nalo. Likishazoea, kinakuja kuchukua na mwili. Na bahari, banange, jamani, bahari ina vitu. Yakub, usiku ulisikia mtu anakuita?

— Mama Ketty, tafadhali.

— Nauliza tu. Uliitika?

Yakub akafuta jasho. Kwa muda niliona ameanza kuamini yote matatu kwa pamoja, mwizi, muuaji na jini, na nikamwonea huruma. Nikamwuliza:

— Lakini Ramula amekwenda Mbale kwa sababu ya mwanamke mwingine, au kuna jambo jingine?

Aliweka kikombe chini.

— Kulikuwa na chakula cha usiku, akasema. Tukaketi. Mpishi mwenyewe akatoka jikoni, mzee wa Kidigo, mpole. Akaniambia, "Bwana Yakub, usiwe na wasiwasi, sahani yako nimeitenga, haijakaribiana na samaki. Nakumbuka mara ile ulivyovimba." Ramula akaangusha uma.

— Lakini wewe unakula samaki, akasema Gugo. Juzi umekula hapa kichwa kizima cha sangara.

— Mimi nakula. Tamim ndiye aliyekuwa hali samaki.

Afande alivua kofia yake. Sisi sote tulimjua Tamim, mdogo wake Yakub, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mtoto wa Jinja asiyekula samaki, nani angemsahau? Akila kipande tu, uso unavimba mpaka macho yanafumba. Tamim ndiye aliyemwoa Ramula kwanza. Mwaka elfu mbili na kumi na tano akaenda Iraki kufanya kazi ya ulinzi, kama vijana wengi wa hapa. Baada ya mwaka, mwenzake mmoja akarudi na habari kwamba gari lao liliungua njiani. Mwili haukuja. Wanubi wenzao wa mji mzima walikusanyika msikitini, wakamsalia bila jeneza. Mama yao, Bi Juwairiya, hajavua nguo za msiba moyoni mpaka leo. Miaka ikapita, masheikh wakakaa, wakaruhusu, na Yakub akamwoa Ramula. Wana mtoto wa kiume, anaanza kutambaa.

— Watu wasiokula samaki ni wengi, nikasema. Si lazima awe yeye.

— Fundi, kuna jambo hamlijui, akasema Yakub. Tamim hakumaliza shule. Kule Iraki walitaka cheti cha sekondari. Mimi ninacho. Nikampa cheti changu. Akatengeneza pasipoti kwa jina langu, kwa tarehe yangu ya kuzaliwa. Aliyeondoka uwanja wa ndege Entebe aliitwa Yakub.

Safari hii Gugo hakuleta methali. Alisema kwa sauti ndogo:

— Basi ni kompyuta. Wanachama wawili, jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Kompyuta imedhani ni mtu mmoja, imewaunganisha. Pointi zako na zake. Ndiyo dhahabu yenyewe.

— Ndivyo nilivyofikiri usiku kucha. Ramula hakufikiri. Yeye alijua palepale mezani. Alirudi chumbani, akaketi chini karibu na kile kitanda cha mtoto, ameshika ile taulo. Akaniuliza neno moja tu. "Yakub, mimi ni mke wa nani?" Asubuhi tukapanda basi. Tangu Mombasa mpaka Mbale hakufungua mdomo.

— Lakini kama ni hai, akasema Afande, kwa nini hakurudi? Mama yuko, bibi yuko. Pengine anaficha kitu. Pengine alisikia umechukua bibi yake, anakusubiri. Yakub, hiyo meseji ya hoteli, nani alituma? Una hakika ni hoteli? Pengine ni yeye alikuita, akuone. Pengine alikuwa kwa chumba ya pili!

— Na huyo mtoto wenu mdogo, akasema Gugo, kisheria sasa ni…

— Asadu! Ketty alipiga kifuniko cha birika. Ukimalizia hilo neno, hunywi kahawa yangu tena maisha yako.

Yakub alikuwa akitazama barabarani, kila mwanamume aliyepita alimfuata kwa macho mpaka apotee. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anafanya hivyo tangu alipoketi. Alikuwa anamwogopa ndugu yake. Ndugu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na tano.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda muda mrefu, na simu iliyopasuka kioo mkononi. Hatukumjua. Baadaye alisema anaitwa Shamira, mwalimu, amehamia mtaa huu mwezi uliopita. Alikuwa amesikia karibu yote, maana Gugo hakumhudumia. Akasema kwa adabu:

— Samahani, kaka. Huyo aliyelala hotelini, hakuacha namba ya simu?

Yakub aligeuka polepole.

— Aliacha. Wakati naondoka, yule msichana aliniambia, "Tuna namba zako mbili, ya Uganda na ya Kenya, tufute ipi?" Nikamwambia asifute. Nikaiandika.

Akatoa mfukoni kikaratasi cha hotelini, kizuri, chenye picha ya mnazi. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kimelegea kama kitambaa.

— Umeipiga? akauliza Shamira.

Tulitazamana. Mimi nilikuwa nimekaa pale saa nzima na haikunijia. Afande alikuwa ameshatufunga wote, Ketty alikuwa ametupeleka kuzimu, Gugo alikuwa ametueleza kompyuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hilo.

— Naogopa akipokea, akasema Yakub mwishowe. Na asipopokea, hiyo pia naogopa. Akiwa hai, mimi nimemwibia mke. Akiwa si yeye, basi namzika mara ya pili, na safari hii nimzike mimi peke yangu, nimwambie na mama.

— Usipige, akasema Afande. Mimi nakwambia kama askari.

— Piga, akasema Ketty. Mama yake yuko hai. Ana haki ya kujua.

— Ramula pia, akasema Shamira.

Nadhani ni jina la Ramula lililomnyanyua mkono. Alibonyeza namba moja baada ya nyingine, mara mbili akakosea akaanza upya. Gugo, bila kuambiwa, akanyoosha mkono akaweka spika, kwa sababu simu ya Yakub husikika vibaya sikioni. Ikaita. Ikaita tena. Nilianza kuomba isipokelewe, Mungu anisamehe.

— Haloo? Sauti ya mtoto wa kike. Miaka mitano, labda sita. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha pwani.

Yakub alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

— Haloo? Mbona husemi?

— Habari yako, mwanangu, akasema Yakub. Hii simu ni ya nani?

— Ya baba. Baba anaoga.

— Baba anaitwa nani?

— Yakub, akasema mtoto, kama anamshangaa mtu asiyejua jambo dogo hivyo. Kisha akaita mbali na simu: Baba! Kuna mtu anakutaka!

Tulisikia maji yanafungwa. Tukasikia mlango. Halafu sauti ya mwanamume, ya mbali, yenye mkwaruzo kidogo, ikauliza:

— Ni nani?

Maneno mawili tu. Ketty alijifunika uso kwa kanga. Afande, aliyewahi kusimama mlangoni mwa watu wa kunyongwa, alinishika bega akalifinya mpaka likauma. Na Yakub alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndevu, kwa sababu sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

— Baba anauliza wewe ni nani, akasema mtoto. Nimwambie nani?

Yakub alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama kwamba kati yetu yuko anayeweza kumpa jina la kusema. Tukainamisha macho.

— Haloo? akasema mtoto. Nimwambie nani?