Mama Eufrasia Bundala, Fundi wa Mapazia Mawili

Tarehe 31 Agosti 2003 Mama Eufrasia Bundala anastaafu, baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka thelathini na moja, yote katika sinema. Wapo watumishi wapya wanaodhani kazi yake ilikuwa kutunza funguo za ghala. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tuliokuwepo, ambao hatuchoki kusimulia.

Aliajiriwa mwaka 1972 huko Maswa akiwa msaidizi kwenye gari la sinema, akahamia Bariadi miaka sita baadaye akiwa fundi kamili wa mashine. Siku hizo gari likiingia kijijini, ng'ombe walirudishwa zizini mapema ili watu wawahi. Alionyesha filamu za kilimo bora cha pamba, za kuchimba vyoo na za sherehe za Uhuru. Kwa ukali hakuwa na mfano. Mkuu wa idara aliyesimama mbele ya mwanga aliambiwa akae chini kama wenzake, naye alikaa.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Maduka yakajaa televisheni na deki, na nyuma ya soko Sadick, kijana mfanyabiashara kutoka Tabora, akafungua banda la video za ngumi na mateke. Gari letu likakaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Zoezi la kupunguza watumishi lilipofika, kitengo cha sinema kilikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa na kitu cha kuonyesha, na wote tulijua nani angeondoka kwanza.

Mama Eufrasia hakungoja. Alikuwa amesikia kwamba huko Ulaya kuna mfuko unaotumia kodi za wananchi wake kuzisaidia filamu zao zionekane kwenye matamasha ya nchi za mbali. Aliomba, akakubaliwa, na mwaka 1996 tukapata Tamasha la Filamu za Ulaya ndani ya ghala la ushirika, lililobaki tupu baada ya wanunuzi binafsi wa pamba kuingia. Madirisha yalizibwa kwa magunia, ikawa sinema mchana kweupe. Filamu zilikuwa nzuri, ila watu walichungulia mlangoni wakaenda zao kwa Sadick. Mfuko ukaarifu kwamba mwaka unaofuata ungemtuma mtu aje kuona. Akikuta ghala tupu, msaada ungekoma, na kazi ya Mama Eufrasia ingekoma pamoja nao.

Akatuambia kwamba kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliwaita watu kwenye tamasha lisilo na mpinzani. Nani hapa kwetu amewahi kufunga safari kwenda kutazama ngoma inayocheza peke yake? Vyama vyetu viwili vya ngoma vya Kisukuma hushindana daima: Bagika wakicheza upande huu, Bagalu wanacheza upande ule saa ileile, na watazamaji wanahamia kwa anayewakonga nyoyo zaidi. Basi Julai 1997 alitundika mapazia mawili ya kuonyeshea filamu, moja kila mwisho wa ghala, akaazima mashine ya pili parokiani, akawagawia filamu. Bagika wa Mwamapalala walipewa ile ya mjane wa Ufini anayekataa kumtoa ng'ombe wake wa mwisho. Bagalu wa Lagangabilili walipewa ya ndugu wawili wa Ureno wanaogombea shamba la mizabibu la baba yao. Kila kundi lilikuja na mashabiki, filimbi na dawa ya kuvuta watu. Mwandishi, ambaye ni mtu wa Bagika tangu babu yake, anaahidi kutopendelea.

Ghala lilifurika. Mgeni wa mfuko, Bi. Annelise, aliingia akakuta filamu mbili zinapiga kelele pamoja, watu wanahama huku na huko, na fundi mmoja anakimbia katikati kubadilisha mikanda. Alishika kichwa. Masharti yalitaka kila filamu ionyeshwe peke yake, kwa utulivu, kwa hiyo akaagiza mashine moja izimwe. Mama Eufrasia akamjibu, kwa Kiingereza chake cha kazini, kwamba akizima upande mmoja, nusu ya watu wale watarudi nyumbani wamenyang'anywa ushindi na hatawaona tena. Hakuzima. Nilimwangalia nikaogopa kwa niaba yake.

Wakati huohuo Masalu, ningi wetu, yaani kiongozi wa ngoma wa Bagika, akaharibu. Kwa nia njema kabisa aliipaka lenzi ile dawa ya kuvuta watu. Ufini yote ikaingia ukungu. Bagalu wakashangilia, na watu wakaanza kuhama. Mama Eufrasia akawa anasugua lenzi kwa pindo la kitenge, huku akimpa Masalu maneno yasiyoandikika kwenye jarida la halmashauri. Bagika nao wakafanya wanachokijua: waliimba. Waliimba habari ya mjane tangu mwanzo, jinsi maofisa walivyomfuata na karatasi zao, jinsi alivyomfunika ng'ombe kwa blanketi lake mwenyewe, na kila mara wakaitikia, wakimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, usimtoe!" Waliokuwa wanahama wakasimama.

Bi. Annelise akauliza wanaimba nini. Aliyemtafsiria ni Sadick, aliyekuja kusimama mlangoni kwa kuwa banda lake halikuwa na mtu. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kuona tamasha ambalo watazamaji wanambembeleza mtu wa kwenye filamu. Akaomba nafasi kwenye benchi, na suala la kuzima mashine halikutajwa tena.

Msaada uliendelea, na kitengo hakikuguswa. Mapazia mawili yakaruhusiwa rasmi kuwa utaratibu wa Bariadi. Gari lilipata vipuri likafika hadi Lingeka. Sadick hufunga banda siku za tamasha na kuuza soda mlangoni, na Winnie, fundi wetu mpya, amefundishwa mashine zote mbili kwa ukali uleule.

Julai hii Winnie aliendesha peke yake. Mama Eufrasia aliingia ghalani akiwa hana kazi, na ndipo tulipogundua kwamba mtu huyu hajawahi kukaa akatazama filamu hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Siku zote kulikuwa na mkanda wa kubadilisha. Alisimama katikati, maana fundi hana upande na kila kundi lilikuwa limemwandalia kiti. Masalu akamwita, "Mayu, njoo kwenu!" Mama Eufrasia akatabasamu, akakaza kitenge, akaenda kukaa kwa Bagalu. Alitazama mpaka jina la mwisho likapita, akafuta machozi bila kujificha.

Sisi Bagika tumeumia, na hatufichi. Asante, Mama Eufrasia, kwa kazi yako yote. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli na miaka mingi ya furaha nyumbani kwako. Na mwakani, Julai, kiti chako upande wetu kitakuwepo.