Pombe ya Kumzika Hapiti Mtu

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto, asogee karibu. Leo tunamkumbuka Jossefa Mulhanga. Najua wapo wanaotaka kuzima redio kwa kusikia jina hilo tu. Msizime. Nawaomba hasa ninyi.

Jossefa Mulhanga, kamanda wa waasi katika vile vita vyetu, mifupa yake imepatikana. Jumamosi hii inazikwa nyumbani, ng'ambo ya mto Buzi. Dada yake mkubwa, Bibi Felismina, anapika pombe ya mtama ya mazishi. Juzi nilimkuta uani akiikoroga.

"Umekuja kumsifu au kumtukana?" akaniuliza.

"Nimekuja kukusikiliza, bibi."

"Basi kaa. Na hicho kidude cha kunasia sauti usininyooshee usoni kama bunduki."

Jossefa alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai. Mcheshi, mpenda ngoma. Alipokataa kuhamia kijiji kipya, watu wa serikali walimchapa viboko sokoni, mbele ya wakwe zake. Hakulia. Aliinuka, akavaa shati lake, akashika njia ya msituni. Bibi Felismina alimfuata na chakula, pamoja na mwanawe Anselmo, wakabaki naye kambini.

"Nilidhani atarudi baada ya mavuno," anasema. "Mavuno gani, sijui."

Hakurudi. Alipewa watu, akapewa barabara, akaifunga. Malori yalichomwa, na wengine walichomwa humohumo ndani. Miongoni mwenu mnaonisikiliza wapo waliozika viatu tu. Ndipo watu wakamwita Hapiti Mtu. Mwenyewe alilipenda jina hilo.

Sasa, kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza. Hupiga funda moja mbele yako, ujue hamna ubaya ndani, kisha hukupa. Kambini kila jioni Bibi Felismina alionja, halafu akampa mdogo wake. Jossefa hakunywa cha mtu mwingine.

"Dada, mlinzi wangu ni wewe," alikuwa akimtania. "Hawa wengine wananibebea bunduki tu."

Anselmo alipangwa kulinda kizuizi cha barabarani. Siku moja likaja lori la wanawake waliokimbia njaa, mmoja wao ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Anselmo akainua gogo, akawapisha.

Habari zikamfikia mjomba wake. "Hajui ninaitwa nani?" Jossefa aliuliza. "Nikimwachia huyu kwa sababu ni mpwa wangu, kesho nani atanisikia?"

Mpwa wake, wasikilizaji. Mtoto wa dada yake, ambaye kwetu ana ruhusa ya kumcheka mjomba hadharani na kula kwenye sahani yake. Walimchukua asubuhi. Ikasikika milio ya risasi.

Bibi Felismina alimwendea mdogo wake. Hakupiga kelele. "Umemlaza wapi mwanangu?"

"Vita vikiisha nitakuonyesha, dada. Naapa."

Jioni alimpelekea kibuyu cha pombe kama kawaida. Akapiga goti, akampa. Hakuonja.

Jossefa alikitazama kibuyu. Akamtazama dada yake. Akakiweka chini. Walinzi wote waliona.

"Ulitia kitu, bibi?" nilimuuliza.

"Sikutia kitu. Mdomo wangu ulikataa tu kunywa naye."

Tangu jioni ile Jossefa hakupokea kitu mkononi mwa mtu. Alichimba mihogo mwenyewe, akachota maji mwenyewe. Wapiganaji wake walipoona kamanda anaogopa kibuyu, walianza kunong'ona. Wakasema Anselmo amerudi kudai, kwa maana kwetu aliyeuawa bila kosa hurudi. Wakaanza kutoroka, leo huyu, kesho yule. Waliobaki hawakulala. Mimi nayasema haya mchana kweupe na bado mwili unanisisimka.

Askari wa serikali walikuwa wamejificha juu ya kijito. Waliona mwanamume anakuja na dumu, anainama kuchota. Huku kwetu mwanamume hachoti maji. Wakajua huyo ni mtu asiye na wa kumchotea, na kwa walivyosimulia waliotoroka, siku hizo mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Wakampiga risasi, dumu halijajaa. Jossefa Mulhanga alikufa akichota maji. Alikufa bila kumwonyesha dada yake mahali alipolala Anselmo.

Haya, Jumamosi imefika mlangoni. Pombe ya kaburini haimwagwi mpaka dada mkubwa aonje. Ukoo umembembeleza. Mchungaji amembembeleza. Nami nilimuuliza.

"Pombe nimempikia," akasema, "kwa sababu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Kuonja sionji. Siku Anselmo akiletwa nyumbani, nitaonja. Mpaka hapo, akae na kiu yake."

Kwa ukoo wa Mulhanga, poleni sana. Kwa kila nyumba iliyopoteza mtu kwenye barabara ile, poleni zaidi, na najua neno hilo ni dogo.

Sasa nataka tutafakari, na hili nalisema kwa watu wachache. Asubuhi ile Anselmo hakwenda peke yake. Wapo waliomshika mikono. Yupo aliyechimba. Mlikuwa vijana, leo mna wajukuu. Mnakutana na Bibi Felismina dukani, mnamwamkia, anaitikia. Mmoja wenu ananisikia sasa hivi, na hajazima redio. Nenda kamwonyeshe mahali. Jina lako sitalitaja. Pombe imeshaanza kuchachuka, na kibuyu cha kuonjea kimelazwa juu ya mtungi, kikavu.