Debe la Kamanda

Kijiwe chetu kiko Lizaboni, nje ya nyumba ya Halima. Kahawa anachemsha yeye, na hatulipi hela. Badala yake tunalinda kwa zamu mahindi yake ya kule mlimani Matogoro, maana ngedere wa kule huvuna kabla ya mwenye shamba. Mwenye zamu anabeba debe na fimbo, anapanda mlima, anagonga mpaka jioni. Halima ni mjane, na mahindi hayo ndiyo ugali wake na wanawe mwaka mzima. Asubuhi hiyo alikuwa ndani anakanda maandazi, birika katuachia nje, juu ya jiko la mkaa. Tulikuwa wanne: Pankrasi, yaani Kamanda, ambaye gwanda analijua kwa kuliona tu; Valence, yaani Waziri, aliyegombea uenyekiti wa mtaa akapigiwa kura na mkewe tu, labda; Azizi fundi simu, tunamwita Droni; na mimi. Redio ilikuwa imetoka kusema kwamba kuna nchi huko Ulaya imeongeza bajeti ya jeshi.

KAMANDA: Na sisi tuongeze! Mara mbili!

WAZIRI: Utoe wapi? Watoto wanakaa chini darasani, wewe unataka kifaru.

KAMANDA: Adui akiingia utampiga na dawati?

WAZIRI: Adui gani? Mtaje.

KAMANDA: Adui hajitangazi, bwana. Anakaa kichakani, anawasubiri mjisahau mkinywa kahawa. Hebu niongezee hapo.

DRONI: Wazee, vifaru vimepitwa. Siku hizi ni droni. Nipeni betri za simu tu, natengeneza hapahapa.

WAZIRI: Simu yangu iko kwako tangu Krismasi, haijawaka.

DRONI: Spea, Waziri. Spea!

Nami sikutaka kupitwa.

MIMI: Tuchonge vifaru vya mbao, tuvipake rangi. Adui akivichungulia kwa setilaiti, anaghairi.

WAZIRI: Na masika? Vikiota uyoga?

DRONI: Tutakula uyoga.

KAMANDA: Acheni utani! Hatuhitaji kununua kitu. Sisi Wangoni vita iko kwenye damu. Kila nyumba itoe mtu mmoja, bure, tunaziba mpaka wote hadi Tunduru. Mimi nikiwekwa lindo, hapiti hata panzi.

WAZIRI: Jumapili ulisinzia kanisani ukakoroma kwenye mahubiri.

KAMANDA: Nilikuwa nasikiliza kwa ndani.

Ndipo akatokea mama mmoja na kikapu, viatu vimejaa tope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Mariana, wifi yake Halima, natoka Nakapanya. Nimelala Matogoro kwa ndugu, nimekatiza shambani kwa wifi. Ngedere wamejaa! Nimewatupia mawe wakanitazama tu, wanatafuna. Hivi leo analinda nani?

Waziri akatazama kahawa yake. Droni akachomoa simu ambayo hata haikuita. Mimi nikaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali. Benchi letu ni la watu watatu, na hapo ndipo sote tukageuka kumtazama wa nne. Kamanda alikuwa amekalia debe.

KAMANDA: Nilisema ninywe kikombe kimoja tu, halafu nipande.

Halima alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

— Inuka, shemeji.

Kamanda akainuka. Halima akachukua debe, akachukua na fimbo iliyoegemezwa ukutani. Kisha akaliendea jiko, akafunika birika, akalishika mkono wa pili.

WAZIRI: Halima, na kahawa?

— Iko shambani.

Akaondoka na wifi yake. Aibu ilinishika mpaka masikio. Baadaye debe likaanza kusikika kule juu, halipumziki.

WAZIRI: Kwanza tuunde kamati...

Hakumaliza. Droni alikuwa ameshasimama, nami nikamfuata, na Waziri nyuma yangu. Kamanda ndiye aliyetangulia mbele, bila debe, akipanda mlima mbiombio na kikombe kitupu mkononi.