Mukami wa Donati Anataka Kutunyang'anya Kahawa

Benchi letu liko Kariobangi, kwenye kona ambapo kelele za grainda haziishi. Ni ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori. Mimi nakaa mwisho, kando ya meza yangu ya funguo, ndiyo maana wananiita Kitasa. Anayenifuata ni Spana, fundi wa vyuma. Halafu Redio, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Halafu Diwani, ambaye aligombea kiti cha wadi akaanguka vibaya, lakini cheo akakataa kurudisha. Mbele yetu kuna jiko la Mombasa, mzee wetu wa kahawa chungu, na dele lake la shaba, na vikombe vyake vidogo. Tumezeekea hapo. Sasa ng'ambo ya barabara, palipokuwa na kinyozi, mwanamke mmoja anaitwa Mukami amefungua duka la donati. Na leo tuko matumbo joto, kwa sababu amemwomba Mombasa ahamishe jiko lake, akae pale mlangoni kwake, watu wapate donati na kahawa pamoja. Mombasa amesema atampa jibu akitoka kuswali alasiri. Ameenda msikitini na dele ametuachia tumwangalizie.

Spana ndiye alianza.

Spana: Wasee, huyo mama anakaangia mafuta ya transfoma, yale ya kuibwa kwa nguzo za stima. Donati haiwezi kukaa laini mpaka jioni hivi hivi.

Redio: Na umejuaje inakaa laini mpaka jioni?

Spana: Nimeambiwa.

Redio: Na hiyo sukari kwa ovaroli yako?

Spana akajipangusa haraka.

Spana: Hiyo ni vumbi ya grainda.

Redio akamwinamia akamnusa kifua.

Redio: Vumbi ya grainda haina iliki, buda.

Diwani: Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga waliona mbali sana.

Tukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, na ndani ninaungua. Nitasema ukweli, kwani nitamficha nani? Hilo duka niligundua mimi. Mukami alipohamia alitaka mlango uwekewe kitasa kipya, akaniita mimi. Nilipomaliza akanipa donati moja kutoka kwa karai, ya moto, kwa kipande cha gazeti. Nikauma. Ngozi ya juu ikavunjika kidogo tu, ndani ikawa laini, imevutika, na iliki, na kitu kingine kama ganda la ndimu. Vidole havikubaki na mafuta. Mimi nimekula mandazi ya Eastlands yote, kutoka Dandora mpaka Baba Dogo, lakini siku hiyo nilirudi kwenye meza yangu nikakata funguo mbili vibaya.

Sikumwambia mtu. Kitu kizuri ukikitangaza mtaani, kesho utakipangia foleni. Nikawa nazungukia kwa nyuma, kando ya ukuta wa kanisa, naingia, nakula, natoka. Mpaka asubuhi moja nikamkuta nani? Spana, amesimama pale kama mwenye nyumba, na Mukami anamwambia, "Spana wangu, yako nimekuwekea kando." Wangu! Mimi niliyefunga kitasa cha mlango ule, siku hata moja sijaitwa "wangu". Niliona wivu mpaka masikio yakapata moto.

Basi, donati alichukua Spana. Sawa. Sasa Mukami anataka kuchukua na mzee wa kahawa? Zii.

Redio akajimiminia kikombe. Diwani naye akanyoosha chake.

Diwani: Nyinyi mnaongea mambo ya mafuta, na siri iko kwa shimo.

Spana: Shimo gani?

Diwani: Shimo la katikati. Jiulizeni. Kila donati imetolewa kitu katikati. Hicho kitu kinaenda wapi?

Redio: Si anakaanga pia?

Diwani: Umewahi kuona akiuza? Hapana. Asiyekuwepo na lake halipo! Donati mia, katikati mia. Kila siku. Hizo katikati zinaenda Baba Dogo usiku kwa usiku, na huko mtu anajenga fleti. Nyinyi mnalipia donati nzima mnapewa ukuta wa pembeni.

Spana: Manze, sikuwa nimefikiria hivyo.

Redio: Mimi nitawaambia kitu nimeona na macho yangu. Feni.

Mimi: Feni?

Redio: Iko pale juu ya mlango, ndani. Inaangalia wapi? Inaangalia hapa. Hiyo harufu haijileti, inatumwa. Jana nilikuwa naongea na bibi yangu kwa simu, harufu ikafika, nikasahau nilikuwa nasema nini. Nikakata simu. Mpaka leo ananuna.

Spana: Hiyo feni ilikuwa ya kinyozi.

Redio: Ya kinyozi ilikuwa inaangalia ndani! Ameigeuza. Mwenda pole hajikwai.

Sikuelewa mwenda pole ameingiaje hapo, lakini hakuna aliyeuliza. Diwani alikuwa ameshaweka kikombe chini, na Diwani akiweka kikombe chini ujue hotuba inakuja.

Diwani: Sikizeni. Mimi nimekuwa karibu na serikali.

Spana: Ulipata kura za nyumbani kwako peke yake, na bibi yako akakunyima.

Diwani: Nimekuwa karibu na serikali, nasema! Serikali inaogopa kitu gani? Benchi. Watu wazima wakikaa pamoja wakaongea, kuna mtu mkubwa mahali analala vibaya. Walileta askari wa kanjo hapa na lori, tulihama?

Wote: Hatukuhama.

Diwani: Walimwaga kokoto hapa wakisema wanatengeneza barabara, tulihama?

Redio: Tulikalia kokoto.

Diwani: Basi wakaita mkutano. Wakasema, hawa hawatoki kwa rungu, watatoka kwa sukari. Wakamtafuta mama mmoja mwenye mkono mzuri, wakampa unga, wakampa feni. Kwanza anachukua Spana. Halafu anachukua mzee wa kahawa. Benchi bila kahawa ni nini?

Spana akajimiminia kikombe kingine. Nami nikajimiminia, maana hayo maneno ya mwisho yalikuwa upuuzi mtupu na bado yalinichoma. Benchi bila kahawa ni ubao. Nikiwa na siku mbaya, mteja amenipigia kelele, mvua imenyesha kwa meza, ni Mombasa tu ananipa kikombe bila kuniuliza kitu. Sitaki kuvuka barabara kutafuta hicho kikombe katikati ya wageni wa donati.

Mimi: Akirudi tutamwambia nini?

Spana: Tumwambie asiende. Ni mzee wetu huyu. Huyo Mukami anamjua tangu juzi. Sisi tumekaa na yeye miaka na miaka.

Redio: Ni kama baba.

Diwani: Ni damu. Damu nzito kuliko donati.

Redio: Pia tumwambie watu wa pwani hawapatani na donati. Wao ni mahamri. Atafanya dhambi.

Tukiwa hapo kwa dhambi ya donati, mwanamke akavuka barabara akija kwetu. Alikuwa na kopo la rangi mkono mmoja, utepe wa kupimia mkono wa pili, na ovaroli yenye rangi zote. Akasalimia vizuri.

— Sasa, wazee. Naitwa Shiro, naandika ukuta wa Mukami pale. Mwenye kahawa yuko?

Mimi: Ameenda kuswali.

— Nyinyi ndio watu wake?

Tukajinyoosha wote wanne.

Diwani: Watu wake kabisa. Sema shida.

— Si shida. Mukami amesema akikubali kuhamia, jina lake liandikwe kando ya la Mukami, sawasawa, ukubwa mmoja. Sasa nataka kupima nafasi kabla rangi haijakauka. Anaitwa nani?

Spana: Mombasa.

Shiro akacheka kidogo, akatuangalia mmoja mmoja.

— Hilo ni jina la mji. Yeye anaitwa nani?

Diwani akampiga Spana kiwiko, akatuvuta vichwa karibu, akanong'ona.

Diwani: Msimwambie! Bila jina hakuna ukuta, bila ukuta hakuna kuhama. Mtu asifungue mdomo.

Tukanyamaza vizuri sana. Halafu Diwani akanong'ona tena, polepole.

Diwani: Kwani anaitwa nani?

Spana akamwangalia Redio. Redio akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dele.

Spana: Si ni Juma?

Mimi: Juma alikuwa yule wa kuuza miwa.

Redio: Haji. Nimesikia mtu akimwita Haji kitu.

Diwani: Haji kitu? Huyo fundi aandike "Haji Kitu" kwa ukuta?

Nikafungua simu yangu. Nimemuandika "Mombasa Kahawa". Spana amemuandika "Kahawa". Redio amemuandika "Mombasa 2", na Mombasa wa kwanza hajui ni nani. Shiro alikuwa bado amesimama, rangi mkononi.

Redio: Ngojeni! Tumtumie pesa, bob moja tu, kwa simu, jina si litatokea?

Akabonyeza, sisi wote tukainamia skrini kama watu wanaoangalia matokeo ya mtihani. Jina likatokea: Rufaida.

Diwani: Mombasa ni mwanamke?

Mimi: Wacha ujinga. Laini itakuwa ya bibi yake.

Spana: Kwani ako na bibi?

— Ama ni binti yake, Shiro akasema.

Redio: Ako na binti?

Redio, ambaye hazimiki, akazima. Nami, nimekunywa kahawa ya mtu miaka yote hiyo, nikatamani ardhi ya Kariobangi ipasuke nijitie.

Mzee akatokea kwa kona, kofia bado kichwani. Akasalimia. Akainua dele, na kwa vile liliinuka jepesi, akatingisha mara moja.

— Mmemaliza.

Redio: Tulikuwa tunakuangalizia.

— Si neno.

Shiro akamuuliza hapo hapo mbele yetu.

— Mzee, nikiandika, niandike nani?

— Andika Musab Haji.

Diwani: Musab wa Mombasa?

— Wa Pumwani. Nimezaliwa hapo Pumwani. Mombasa nilienda arusini mara moja, joto likanishinda.

Akainama akaanza kukusanya vikombe. Hapo ndipo tulijua jibu. Hotuba ya Diwani ikapotea. Mimi nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakaisha yote, nikasema tu kama mtoto.

Mimi: Usituache, mzee.

— Siendi mbali, barabara ni hii tu. Magoti yangu, bwana. Kule amenipa kiti.

Hakusema kwa ubaya. Sisi wanne tukaangalia ubao tuliokalia, tumeujaza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Spana akaruka kumbebea jiko, akachelewa, maana Shiro alikuwa ameshalishika. Wakavuka wote wawili. Mukami akatoka mlangoni akafuta kiti kwa aproni yake, mzee akakaa. Nilimwona akikaa, nikatambua kwamba sijawahi kumwona hivyo. Alinyoosha miguu yake mbele, akaisugua.

Tukabaki. Shiro akaanza herufi ya kwanza. Baada ya muda harufu mbili zikaja pamoja, iliki ya donati na tangawizi ya kahawa, na hata Diwani hakutaja feni.

Redio: Mtu asivuke. Tukivuka tumeshindwa.

Spana: Hakuna mtu anavuka.

Tukakaa. Spana akameza mate, tukamsikia. Mimi nikasimama.

Diwani: Kitasa, unaenda wapi?

Mimi: Kuangalia kile kitasa cha mlango. Nadhani kinalegea.

Nilipofika katikati ya barabara nikasikia viatu nyuma yangu, vya watu watatu. Foleni ilikuwa ndefu. Wageni watupu, wanacheka na mzee wetu, wanaguswa bega, na mimi nikaona wivu upya, wa kwanza ulikuwa mchezo. Nilikuwa nafanya mazoezi kimoyomoyo: Musab, Musab, mzee Musab. Ulimi ulikuwa unaenda Mombasa wenyewe. Zamu yangu ikafika. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshanimiminia, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

— Karibu, Chege. Nduta anaendeleaje na kifua?

Nikashika kikombe. Jibu lilikuwepo, kwamba mke wangu sasa analala vizuri, lakini nikainamia kikombe nikanywa kwanza.

Nyuma yangu nikamsikia Spana akimnong'oneza Diwani:

— Chege ni nani?