Kibao cha Jikoni

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu, ambaye ni mwanangu, wageni waalikwa, nanyi wapishi na wahudumu mliopangwa ukutani kama mafagio:

Nimeombwa nikate utepe wa mgahawa wetu wa ishirini, na nieleze siri ya baga na milksheki zetu kupendwa hivi. Daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi, kwa hiyo leo nitasema kweli.

Siri ni dada yangu. Yule pale, safu ya tatu, mwenye mkongojo. Katika mgahawa wa kwanza alisimama mbele ya bamba la kukaangia miaka kumi na mmoja, mkono mmoja ukigeuza nyama, mwingine ukipanga mikate. Nanyi wapishi wa zamani, mlipokuja kujifunza kazi, niliwaambia nini? "Mwigeni huyu, hachoki." Uongo! Alichoka, na aliniambia.

"Kaka, niletee kistuli tu, nikae wakati hakuna oda."

Nikamjibu mbele ya wapishi wote: "Ukikaa wewe, baga itajigeuza yenyewe?"

Watu walicheka mpaka milksheki ikafurika mezani. Kesho yake msimamizi akayaandika maneno hayo kwenye karatasi, akayabandika ukutani. Sikuyabandua. Niliyapenda! Mzaha ukawa kanuni, na kanuni ikafukuza kila kiti jikoni.

Miguu yake ilipovimba, viatu vikakataa kuingia, alikuja kazini na kandambili. Nikamrudisha nyumbani kwa kutokuwa na sare kamili. Ndugu yangu wa tumbo moja! Hakurudi, nami sikumfuata. Mguu wa kushoto haujapona hadi leo.

Asubuhi hii nimepitishwa jikoni, nikakuta nini? Maneno yaleyale, yamechongwa kwenye kibao cha chuma, na jina langu chini yake. Viti themanini vya wateja; jikoni hata kimoja! Nikamuuliza mwanangu. Akasema, "Baba, si busara zako hizo?"

Busara? Ulikuwa ukatili, ila uliwachekesha watu.

Mwanangu, usininong'oneze, kipaza sauti bado ninacho mimi. Dada, sikuombi msamaha hapa, usije ukanipa kwa sababu tu watu wanatazama. Nitakuja kwako. Lakini utepe sitaukata kibao kile kikiwa ukutani. Fundi, wewe uliyekifunga, chukua bisibisi. Wahudumu, bebeni viti hivi tulivyokalia, mviingize jikoni.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Waheshimiwa, simameni.

Dada, wewe kaa.