Hedifoni za Kadzo na Mashine Yangu ya Kusaga

Asifiwe Bwana aliyenipa mdomo wa kusema na masikio ya kusikia, hata kama masikio yenyewe yamechoka! Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mlionizidi umri, shikamooni, ingawa mmebaki wachache.

Mnanijua. Mimi ndiye mwenye mashine ya kusaga pale Kakuyuni, ile ya dizeli inayosikika mpaka barabarani. Mume wangu alipofariki, watu walisema nitaiuza nirudi kwetu Rabai. Sikuuza! Nilijifunza kuiwasha kwa mkono wangu, nikajifunza kubadilisha mkanda, na watoto wangu wote walikula, wakavaa na wakasoma kwa mashine hiyo. Mimi mwenyewe shule niliigusa tu. Biblia naisoma polepole, kwa kidole. Sioni haya kusema. Unga wangu hauna mchanga, na wenye mchanga kwenye unga wao wana shule kunishinda.

Lakini mashine hiyo hiyo ilitaka kuninyang'anya mjukuu. Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanzia.

Kadzo ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Mariakani. Nimemlea tangu anatambaa, na mpaka leo ananiita hawe, yaani bibi kwa lugha yetu. Kazi yake ni ya masikio. Ofisi moja ya Mombasa humtumia sauti za watu, wazee wa huku kwetu wakihojiwa kwa Kigiriama, naye huzisikiliza kwenye kompyuta akiandika neno kwa neno. Kazi nzuri ya kukaa kivulini! Shida ni kwamba chumba chake na mashine yangu vina ukuta mmoja. Nikiwasha, vikombe vinacheza kabatini. Mzee wa watu anasema neno lake la maana, Kadzo anasikia ngurumo.

Alikuwa akinunua hedifoni za bei rahisi kule Malindi, zile zinazotundikwa kando ya njia. Hazizuii kitu. Ili aishinde mashine, alipandisha sauti mpaka mwisho, na jioni nikimwita haitiki. Ndugu zangu, niliogopa! Masikio yangu yaliliwa na dizeli, lakini nilikuwa nimeshazaa na kulea. Huyu bado msichana! Na kazi ikawa inarudishwa: hapa umeruka, hapa umekosea. Mwisho ofisi ikamwambia, ama ulete kazi safi, ama uhamie Mombasa, tutakupa chumba kimya.

Nikajua ataenda. Kijana gani atakataa Mombasa? Na mashine siwezi kuifunga, maana nusu ya majirani wanakula kwa unga wake. Nikapiga magoti nikamwambia Mungu wazi wazi: Bwana, nyumba umeshanipunguzia watu vya kutosha. Huyu mmoja niachie.

Badala ya jibu, nikamwona Kadzo anaingia na boksi. Ndani hedifoni nyeusi, nene, laini kama mashavu ya mtoto. Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikakaa chini! Ilikuwa bei ya mtamba wa ng'ombe. Mtamba mzima, mwenye pembe na mkia!

"Mtamba ningemwona akila majani," nikamwambia. "Hizi zinakula nini?"

"Zinakula stima, hawe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua huko ni kujipamba kwa safari ya mjini. Nikamwambia zirudi dukani, na duka lilikuwa limemruhusu kurudisha mpaka mwisho wa juma.

"Nitarudisha," akasema, "lakini uzijaribu kwanza. Wewe hununui mkanda bila kuuvuta."

Hapo alinishika! Ni kweli, mkanda nauvuta kwa mikono miwili mbele ya muuzaji mpaka akasirike. Basi Jumamosi, foleni imejaa wanawake na ndoo zao, nikawasha mashine. Kadzo akanivua leso kichwani, mvi zangu zote nje, akanivisha, akabonyeza kitu.

Ndugu zangu! Nilidhani mashine imezimika. Nikatazama mkanda, unazunguka. Nikashika ukuta, unatetemeka. Unga unamwagika kama kawaida, lakini ngurumo imeondoka! Sitawadanganya mbele ya madhabahu, haikwisha kabisa. Ilibaki kama mashine ya kijiji cha pili. Lakini miaka yote niliyosimama pale, sijawahi kusimama na utulivu kama ule.

Halafu nikasikia watu.

Mjue kwamba kwenye mashine hakuna anayenong'ona. Watu wanapiga kelele sikioni mwa wenzao, na wanawake wa foleni yangu walizoea kusema lolote wakijua mimi sisikii. Hedifoni zile zinakamata ngurumo, lakini sauti ya mtu inapenya. Nikawasikia wote!

"Muone huyo! Kama rubani wa ndege!" akasema mmoja. Simtaji, yuko hapa, amekaa karibu na dirisha.

"Rubani wa pumba!" akajibu mwenzake. "Mjukuu amemnunulia kitu cha kuchezea, apate kukimbilia Mombasa."

Dama, jirani yetu, rafiki wa Kadzo, akawarukia. "Kukimbilia wapi? Mombasa amekataa! Nilimwambia, Kadzo we, huna akili, chumba unapewa! Akaniambia, nikienda, nani atamwambia hawe kwamba mkanda umeanza kulia? Yeye hausikii tena, na hapendi kuambiwa. Hizo amenunua ili abaki, nyinyi wanawake wenye midomo!"

Mkanda wa mashine kabla ya kukatika hulia, mlio mwembamba, na ukikatika hurusha ncha kama mjeledi. Unaweza kumtoa mtu jicho. Nikakumbuka jinsi Kadzo anavyotoka chumbani mwake, ananigusa bega na kusema, "Hawe, zima." Nilidhani anataka kimya chake! Nilikuwa nikimfokea! Kumbe masikio yaliyokuwa yakinilinda pale ni yake, na mimi nilijiona bado ninasikia.

Nikageuka nikawatazama wale wa foleni. "Rubani amesikia!" nikasema.

Ndoo ya mtu ilianguka. Mahindi yote chini!

Nilipozima mashine nikavua hedifoni, nikampa Kadzo. "Hazirudi dukani."

"Na mtamba je, hawe?"

"Mtamba hawezi kunigusa bega."

Lakini mimi mjanja, nikamuuliza: ukivaa hizi, mkanda utausikiaje? Akanieleza kwamba kinachoondoka ni ule mvumo mzito wa dizeli, na mlio mwembamba unapita. Nikaguna. Maneno ya muuzaji hayo, nikasema moyoni.

Juma lililofuata namimina mahindi, nimeinama, uso karibu na mkanda, bega likaguswa. Kadzo yuko nyuma yangu, hedifoni bado kichwani. "Hawe, zima." Safari hii sikuuliza. Nilizima. Mkanda ulipokwisha kuzunguka tukautazama pamoja: umechanika, umeshikiliwa na kipande cha upana wa kidole, pale pale mbele ya macho yangu haya mnayoyaona. Haleluya! Semeni haleluya!

Na kazi yake ile? Haikurudi hata neno. Ofisi imemwacha akae nyumbani kwa bibi yake. Sauti anaiweka chini, nikimwita jioni anaitika kabla sijamaliza jina. Wazee wetu wakisema neno la zamani ambalo wakubwa wa ofisi hawajawahi kulisikia, ni Kadzo wa Kakuyuni anayeliandika. Wangu huyo! Nimemlea kwa unga!

Sasa mnaniuliza sokoni, hedifoni za bei ya mtamba zinastahili bei yake? Nawajibu kama ninavyojibu kuhusu mkanda. Ukitaka za kutundika shingoni uonekane mjini, nunua mtamba. Ukitaka nyimbo tu, zile za kando ya njia zinaimba. Lakini kama mtu anakula kwa masikio yake, na nyumba yake ina ngurumo kama yangu, mwache anunue, tena msifie. Masikio hayauzwi Malindi, wala Mombasa.

Ndugu zangu, mimi niliomba nisiachwe peke yangu, na Mungu alikuwa amejibu ndani ya boksi nililolitukana. Wewe unayelia leo kwa sababu mtoto wako ameleta nyumbani kitu usichokielewa, usikirudishe kabla hujakijaribu. Mwamini Bwana, na huyo mtoto mwamini kidogo pia. Kadzo, simama wakuone. Simama, usione haya!

Nanyi wanawake wa foleni, nimewasamehe, hata wewe wa dirishani. Jumatatu leteni mahindi yenu kama kawaida. Ila semeni mazuri, maana Kadzo huniazima, na hamtajua ni siku gani nimevaa.