Mwalimu Halfani Aliyetueleza Dunia kwa Miaka Ishirini na Minane

Tarehe 30 Novemba 1957 Mwalimu Halfani Isihaka anastaafu, baada ya kutueleza dunia inavyokwenda kwa miaka ishirini na minane, kwanza Iringa, kisha hapa Mbeya. Dunia haikumsikiliza hata siku moja, lakini hilo halikumpunguzia sauti.

Alipoanza kazi alifundisha kwamba vita vimekwisha: mataifa yana baraza lao Geneva, na yatamaliza ugomvi kwa sheria na mazungumzo. Waitalia walipoingia Uhabeshi mwaka 1935, Mwalimu alishikwa na homa wiki mbili. Alirudi amepona, na nadharia mpya: mataifa huheshimu nguvu tu, na yale ya Geneva yalikuwa utangulizi wa somo. Umoja wa Mataifa ulipoundwa, alifukua daftari la zamani, akafuta Geneva, akaandika New York. Daftari lipo kabatini, na wino haukufutika vizuri.

Mwaka 1954 wajumbe wa Umoja huo walikuja Mbeya kusikiliza wananchi. Anyitike, seremala wa shule yetu, na majirani zake wa mlimani walikuwa karibu kunyang'anywa mashamba yao ili apewe mlowezi. Walimwomba Mwalimu awaandikie barua kwa Kiingereza. Alikataa. Aliwaeleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba katika uhusiano wa mataifa wanaosema ni madola. Mkulima wa viazi hamo katika nadharia. Lusia, mpishi wetu, ndiye aliyeiandika, kwa Kiswahili, juu ya meza ya kukatia mboga. Wajumbe waliipokea, wakauliza maswali mengi, na mwaka uliofuata mlowezi akatafutiwa kwingine.

Mwalimu hakupepesa macho. Alianza kufundisha nadharia ya sauti ya watu wadogo, na mfano wake ukawa barua "tuliyoiandika." Sisi wa chumba cha walimu tulinyamaza. Naona haya hadi leo.

Mwezi uliopita alimwendea Anyitike kuomba kiwanja huko huko mlimani. Wengi wetu tulitamani anyimwe. Anyitike alimwonyesha kipande kati ya shamba lake na la Ikupa, mjane aliyekuwa wa kwanza kutia dole gumba kwenye barua ile, akamwambia, "Karibu, mwalimu. Ila huku tukiitana kazini, unakuja na jembe lako."

Tunamshukuru Mwalimu kwa chaki zote alizozimaliza. Mungu ampe afya njema na viazi vingi. Majirani wema hatumwombei; amekwisha kupewa, na hakuwastahili.